SIMBA ALIYEKUFA KWA KOSA LA EDMUND: Mzazi, mwanao akikuuliza utajibu nini?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, hii ni ndefu. Mimina chai yako, kaa, soma mpaka mwisho ndipo uandike maoni. Nawajua baadhi yenu: mnasoma kichwa cha habari tu mnaanza kugombana huko chini.

Majuzi, baada ya darasa la Alasiri, kijana mmoja wa miaka tisa alibaki nyuma wenzake walipotoka. Amesimama pale mlangoni anakunja na kukunjua kofia yake. Nikamwita, "Njoo, una nini?" Akaja, akaangalia chini, akasema, "Ustadhi, yule simba alikufa kwa ajili ya Edmund. Na mimi je? Nani atakufa kwa ajili yangu?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia, na machozi yakaanza.

Kumbe mtoto ameiba shilingi elfu mbili kwenye pochi ya mama yake. Siku tatu halali vizuri. Na katika siku hizo tatu ameangalia filamu kwa jirani, na filamu ile imemfundisha kwamba mwenye kosa lazima afe, ila akipatikana asiye na kosa akafa badala yake. Basi mtoto anatafuta wa kumfia. Miaka tisa, ndugu zangu! Kwa elfu mbili!

(Nimeomba ruhusa kwake na kwa mama yake kusimulia. Sitaji jina wala mtaa, msiniulize.)

Usiku ule nikaitafuta filamu nikaiangalia yote, kisha nikavitafuta na vitabu vyenyewe. Leo nataka tuizungumze kwa elimu, si kwa kelele.

FILAMU YENYEWE NI IPI?

Ni The Chronicles of Narnia: The Lion, the Witch and the Wardrobe, yaani Simba, Mchawi na Kabati. Ilitoka Desemba 2005. Aliyeiongoza ni Andrew Adamson wa New Zealand, na kampuni ni Walt Disney pamoja na Walden Media. Imetokana na kitabu cha mwaka 1950 cha C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, aliyekuwa mwalimu wa Oxford kisha Cambridge. Kitabu hicho ni cha kwanza kuandikwa kati ya saba, na cha mwisho kilitoka 1956. Watoto wa dunia nzima wamekua navyo.

Kisa kwa ufupi. Ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaondolewa London wakati wa vita kwa kuogopa mabomu ya Wajerumani. Katika nyumba ya mzee mmoja shambani, Lucy anajificha ndani ya kabati la nguo, na nyuma ya makoti anakuta msitu wenye theluji. Hiyo ndiyo Narnia, nchi ya wanyama wanaosema, inayotawaliwa na Mchawi Mweupe aliyeifanya iwe baridi daima. Edmund anadanganywa na mchawi kwa ile pipi laini ya Kituruki, lokum, anawasaliti ndugu zake. Sheria ya nchi ile inasema damu ya msaliti ni haki ya mchawi. Aslan, simba mkuu, anajitoa auawe yeye juu ya meza ya jiwe. Usiku anauawa, wasichana wawili wanalia juu ya maiti yake. Asubuhi meza imepasuka, na simba yuko hai.

Nani hajaelewa hapo? Kama umekaa jirani na kanisa, kama umesoma shule ya misheni, unajua kabisa unachotazama.

Na mimi sisemi Wakristo wametufanyia hila. Hapana. Lewis mwenyewe hakuficha. Alikuwa mtu asiyeamini Mungu, akarudi kwenye Ukristo mwaka 1931, na aliwaeleza wasomaji wake kwamba alijiuliza: Kristo angekuja katika nchi kama Narnia angekujaje? Filamu ilipotoka Marekani, makanisa yaliipigia debe waziwazi, wachungaji waliitwa kuiangalia mapema. Mtu anayetangaza bidhaa yake hadharani si mwizi. Anayelala mlango wazi ni wewe.

Na kuna jambo moja Lewis aliliandika ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Alisema, kwa maana yake, kwamba dini ikifundishwa kwa mimbari na kwa lazima moyo huweka walinzi mlangoni. Lakini ikivishwa nguo ya hadithi, inaweza kuwapita walinzi wale bila kuonekana. Alikuwa akiwazungumzia watoto wa Kikristo waliochoshwa na mafundisho ya kanisani. Lakini hadithi haiulizi dini ya anayetazama. Imepita kwa watoto wake, na imepita kwa kijana wangu mwenye kofia.

Sasa nina maneno na watu wa aina tatu.

WA KWANZA: ANAYESEMA "NI KATUNI TU YA WATOTO"

Ndugu yangu, kwanza si katuni. Pili, hilo neno "tu" ndilo litakalotumaliza. Chakula cha mtoto unakikagua, unauliza kama ni halali, unageuza pakiti kutafuta kama kuna mafuta ya nguruwe. Kinachoingia kichwani mwake kwa saa mbili na zaidi hukigeuzi hata mara moja!

Tazama itikadi iliyomo. Kwamba dhambi ni deni la damu. Kwamba mkosaji hawezi kurudi kwa mlango wa kawaida, mpaka asiye na hatia achinjwe. Sisi Qur'ani imetufundisha kinyume chake, na imelirudia jambo hilo katika sura zaidi ya moja, katika Al-An'am, katika Al-Israa, katika Faatir, katika An-Najm: kila nafsi na mzigo wake, hakuna atakayebebeshwa wa mwenziwe. Nabii Adam (a.s.) alipokosea alifundishwa maneno ya kuomba msamaha, akaomba, akasamehewa. Likaishia hapo. Hakuna mtoto wa Kiislamu anayezaliwa na deni.

Sasa weka Edmund pembeni, mlete ndugu zake Yusuf.

Wale hawakusaliti kwa pipi. Walimchukua mdogo wao, wakamtupa kisimani, wakarudi kwa baba yao na kanzu yenye damu ya uongo. Mzee akalia mpaka macho yakaharibika. Usaliti mkubwa kuliko huo katika nyumba moja ni upi? Miaka ikapita, wakasimama mbele ya Yusuf, naye sasa ni mkubwa wa nchi ya Misri na wao ni wenye njaa. Angeweza kudai damu, na haki alikuwa nayo. Akawaambia hakuna lawama juu yao siku ile, akawaombea msamaha kwa Mola wake. Wakamwendea baba yao wakakiri, wakamwomba awaombee, naye akawaahidi.

Nani alichinjwa hapo? Hakuna! Hakuna simba, hakuna meza ya jiwe. Kulikuwa na kosa, na kukiri, na Mola msamehevu. Damu pekee katika kisa kile ni ile ya uongo kwenye kanzu.

Najua kuna mjuzi ataandika: "Shekhe, mbona Nabii Ibrahim alipewa kondoo wa kumkomboa mwanawe? Si ni yaleyale?" Swali zuri, na si yaleyale. Mtoto wa Ibrahim hakuwa na kosa lililokuwa likilipiwa. Ule ulikuwa mtihani, mtihani ukapita, kondoo akashushwa ikawa rehma. Na katika Suratul Hajj tumeambiwa wazi kwamba nyama na damu ya wanyama hao haimfikii Allah, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Dini yetu imelikata shauri la damu kulipia dhambi tangu mizizi.

WA PILI: ANAYESEMA "NI HARAMU, UCHAWI MTUPU, CHOMENI"

Huyu ni wetu, na namwambia kwa mapenzi. Nimepokea sauti tatu za WhatsApp kuhusu Narnia. Moja inasema filamu inafundisha watoto kuabudu mchawi. Subhanallah! Mchawi ndiye adui ndani ya filamu ile, anapigwa na anauawa. Mtoto aliyeiangalia akikusikia anajua hukuiangalia. Na akishajua kwamba unazungumzia usilolijua, hatakuamini tena hata utakapomwambia la kweli.

Wengine wanakataza kila kitu cha kubuni: farasi mwenye mabawa haramu, mnyama anayesema haramu. Basi nikukumbushe. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mama Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza, farasi na mabawa? Akamjibu, kwani hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakumpokonya. Alicheka! Na ndani ya Qur'ani yuko chungu anayewaonya wenziwe na yuko hudihudi anayeleta habari kwa mfalme, ingawa hizo ni za kweli wala si za kubuni. Moyo wa mtoto Allah ameuumba upende ajabu. Ugomvi wangu na Narnia hauko kwenye farasi wala kwenye kabati. Uko kwenye meza ya jiwe.

WA TATU: ANAYESEMA "DINI ZOTE NI MOJA, KILA MTU AMWONE ANAYEMTAKA"

Mwaka 2010, filamu ya tatu ilipotoka, Liam Neeson aliyempa Aslan sauti yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwake yeye simba yule anaweza kumwakilisha pia Muhammad, na Buddha, na viongozi wengine wakubwa wa kiroho. Wakristo wengi walikasirika. Na baadhi yetu walifurahi, wakasema tumeheshimiwa.

Ndugu zangu, katika hili Wakristo walikuwa na haki, na sisi tulipaswa kukataa kabla yao! Mwisho wa filamu hiyohiyo Aslan anawaambia watoto kwamba katika dunia yao ana jina jingine na wajifunze kumjua kwa jina hilo. Mwandishi alijua ni jina gani. Huwezi kumvisha Mtume wetu ngozi ya simba iliyoshonwa kwa ajili ya itikadi asiyoifundisha.

Mtume wetu hakufa kwa dhambi za mtu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alisimama akawaita jamaa zake mmoja mmoja, mpaka akamwita Fatima, binti yake, kipande cha moyo wake, akamwambia aombe katika mali yake anachotaka, lakini mbele ya Allah hatamfaa kitu. Soma hiyo mara mbili. Baba anampenda binti yake kuliko nafsi yake, na anamwambia: mama, simama kwa miguu yako. Hilo kwetu ndilo pendo. Anayekupenda hakudanganyi kwamba amekubebea.

Na hilo linakuja upande wa pili pia. Katika vitabu vya Lewis iko nchi ya kusini inaitwa Calormen. Watu wake ni weusi wa rangi, wana ndevu, wanavaa vilemba, wanabeba majambia, wanamiliki watumwa, na wanasimuliana hadithi kwa mtindo wa Alfu Lela. Kila msomaji anajua ni nani waliochorwa hapo. Kisha anawafanya waabudu sanamu yenye kichwa cha ndege mla mizoga na mikono minne, jina lake Tash. Sisi! Umma uliotoka jangwani kuvunja masanamu! Huo si uzushi wa Lewis peke yake, ni wa zamani huko Ulaya. Mashairi ya Kifaransa ya enzi za Vita vya Msalaba yaliwachora Waislamu wakisujudia masanamu matatu.

Lakini niwe mwadilifu, maana Allah ameamrisha uadilifu hata kwa usiyempenda. Katika kitabu cha mwisho Lewis amemweka kijana mmoja wa Calormen, Emeth, mkweli na mcha wa anachokiamini, na Aslan anampokea. Wapo wanaoliona hilo ni ukarimu. Mimi naona ni ukarimu wa kumwambia mtu: ibada yako yote ilikuwa yangu bila wewe kujua. Asante, lakini hapana. Sisi tunajua tunayemwabudu, na jina lake tunalitaja mara tano kwa siku kwenye minara.

Cha kuchekesha ni kwamba jina Aslan lenyewe ni la Kituruki, maana yake simba. Lewis alilipata kwenye maelezo ya tafsiri ya Alfu Lela ya Edward Lane. Hadithi ni zetu, jina limetoka kwetu, hata pipi ya kumdanganyia Edmund imetoka Uturuki. Tulichobakiziwa ni kuwa maadui wenye vilemba.

Filamu tatu zilizotoka, ya 2005, ya 2008 na ya 2010, hazikufika kwenye vitabu vya Calormen. Lakini mwaka 2018 Netflix walitangaza mkataba wa vitabu vyote saba, na Greta Gerwig ndiye aliyepewa kuongoza filamu mpya. Kwa hiyo msiseme hii ni habari ya zamani. Inarudi, tena kwenye simu aliyoishika mwanao sasa hivi.

SASA NISEME LINALONIUMA

Mpaka hapa nimewasema wengine. Nirudi kwangu.

Kijana yule amehifadhi juzuu Amma yote. Nimemsikiliza mimi mwenyewe, kwa tajwidi. Anasoma Az-Zalzala kama maji. Ndani yake mna habari kwamba kila mtu atauona wema wake na uovu wake, hata wa uzito wa chembe. Hajui! Hakuna aliyemwambia. Jina la Yusuf amelisikia, kisa chake hakijui. Nilipomuuliza kuhusu toba akanitajia neno tu, kama anavyotaja jina la mji asioufika.

Na mwalimu wake ni nani? Ni mimi, miaka miwili.

C. S. Lewis alikaa akafikiri: nitamfikishiaje mtoto ninachokiamini mpaka akipende? Akaandika vitabu saba. Sisi tuna Suratu Yusuf, ambayo Allah mwenyewe ameiita miongoni mwa visa vizuri kabisa. Tuna vijana wa pangoni, tuna Musa na yule mja mwema kwenye jahazi, tuna mtu aliyeua watu tisini na tisa akatafuta toba. Tumefanya nini navyo? Tumempa mtoto bakora na kumwambia akariri. Kisha tunashangaa anaingia kabatini kwa jirani!

Walinzi hawakupitwa na hadithi ya Lewis. Walinzi walikuwa wamelala. Nasema na narudia: tulikuwa tumelala.

TUFANYE NINI?

1. Mzazi mwenzangu, usikimbilie kuzima. Kaa naye uangalie. Akishaona na wewe hupo, amepata mwalimu mwingine.

2. Ikiisha muulize: Edmund alikosa nini? Alipaswa kufanya nini? Ndugu zake Yusuf walifanya nini? Mwache aseme yeye kwanza. Mtoto akifika mwenyewe kwenye jibu hasahau.

3. Mfundishe toba kwa vitendo, si kwa jina. Aache kosa, ajute, aazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu airudishe. Manne hayo, na hakuna damu hata tone.

4. Usimtukane Mkristo mbele ya mtoto. Jirani yako anaamini anachokiamini na ana haki ya kukisimulia. Mwambie mwanao: wao wanaamini hivi, sisi tunaamini hivi, na sababu ni hii.

5. Maustadhi wenzangu: kila Alhamisi, nusu saa ya kisa. Bakora iwekwe juu ya kabati. Mimi nimeshaanza.

Mtasema, na yule kijana?

Nilimwambia, "Mwanangu, hakuna atakayekufa kwa ajili yako, na hakuna haja. Allah hahitaji mtu afe ili akusamehe. Anataka wewe urudi." Nikamsimulia habari za ndugu zake Yusuf mpaka adhana ya Magharibi ikatukuta. Akaniuliza, "Na zile hela?" Nikamwambia, "Ngapi zimebaki?" Akatoa mfukoni elfu moja na mia tano. Alikuwa amenunua barafu na karanga, akashindwa kula.

Baada ya sala tukaenda wote kwa mama yake. Mimi nikasimama nje ya baraza, kwa sababu mzigo ni wake, si wangu. Nikamsikia anasema, "Mama, nimekuja kukiri." Hilo neno alilitoa kwenye kisa. Kimya kidogo. Kisha nikamsikia yule mama analia na kucheka pamoja, anamwambia, "Elfu mbili, baba? Ndiyo iliyokukosesha usingizi?"

Mia tano iliyobaki anailipa kwa kufagia uwanja. Juzi nilipita, nikamkuta na ufagio, anaimba.

Ewe Allah, tusamehe sisi walimu kabla ya wanafunzi wetu, na uwajaalie watoto wetu wajue njia ya kurudi kwako. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mzazi mwingine. Nikikosea, nisahihisheni kwa dalili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.